Shamba la Baba Ndani ya Makumbusho

Saa mbili asubuhi, Abdelshafi Gabrawi anafungua bomba. Maji yanaenea taratibu kwenye bustani ya makumbusho, kati ya ngano ya kale na kitani. Kwa wageni, haya ndiyo mafuriko ya Nile enzi za mafarao.

"Mafuriko yetu yana bili, Mzee Abdelshafi," anamtania Nagwa, mkata tiketi.

Mzee huyu wa miaka sitini na moja anatabasamu kidogo tu. Ni mwaka wa tisa analima hapa kwa jembe la mti. Msimu wa kwanza, jembe lilifukua kigae chenye alama za vidole vitatu. Akakaa chini palepale. Mama yake ndiye aliyekuwa akifinyanga mitungi ya gurudumu la kuteka maji la shamba lao, na kila mtungi aliubonyeza vidole vitatu kabla ya kuuchoma.

Udongo aliokuwa akiwalimia mafarao ulikuwa wa shamba la baba yake.

Mzee Abdelshafi alipokuwa kibaruani Libya, mdogo wake Zanati aliuza udongo wa juu kwa mfanyabiashara wa matofali. Huyo naye akayauzia makumbusho malori saba, yakaishia hapa. Tangu bwawa lijengwe kwenye Nile, mto hauleti tope jipya, kwa hiyo kilichochotwa hakirudi. Mimi ninayeandika haya nimezaliwa mtaa wa pili kutoka hapa, na sikuwahi kujiuliza udongo huu ulitoka wapi. Nilimsikiliza nikiona haya.

"Nilimuuliza Zanati, umeuza shamba la baba? Akanijibu, 'Shamba liko palepale, kaka. Nimeuza udongo tu.'"

Hawakusemezana tena. Mwaka jana Zanati akafariki.

"Nilimzika sijamsamehe," anasema, macho yakiwa kwenye maji. "Hilo linaniuma kuliko shamba."

Mwezi ujao bustani inavunjwa, pajengwe mgahawa. Udongo ulikuwa ukatupwe jalalani. Mzee akaenda kwa mkurugenzi kuuomba, naye akakubali, ila usafiri ajitegemee. Amepata lori moja. Malori sita yatakwenda na taka.

Shamba lenyewe sasa ni shimo la matete na chumvi. Lori moja halitalifufua. Nikamuuliza ataupeleka wapi.

"Kwa Sabah, mjane wa Zanati. Nimemwambia autandaze mbele ya mlango, apande vitunguu. Watoto wakiuliza umetoka wapi, awaambie ni wa babu yao." Anafunga bomba. "Aliyeuuza asimtaje."