Nuksi ya Kila Ijumaa

Gari nililinunua Moroni, mwaka ule wa uhuru wa Komoro, kwa mwalimu wa Kifaransa aliyekuwa akifunga virago. Lilikuwa kuukuu, ila nilijiona mjanja: nililijaribu kwanza, adhuhuri ya jua kali, likapanda mpaka Mvouni, kijiji cha mlimani, bila kukohoa hata mara moja. Nilipooa Mutsamudu, kisiwa kingine, nikalivusha kwa meli. Kule visiwani nyumba ni ya mke, mume ndiye huhamia, kwa hiyo katika nyumba ile ya mawe changu kilikuwa gari hilo na kandambili.

Mama mkwe hakunisemesha. Si kwa ubaya, ni haya za ukwe. Hata tukiwa chumba kimoja, maneno yalipitia kwa mke wangu. "Mwambie mumeo chai inapoa." Nami: "Mwambie mama nitainywa hivyo hivyo." Waume wa mashemeji zangu walikuwa wameshavuka hatua hiyo, mama akiwaita "wanangu" na kuwatuma sokoni. Mimi, mzaliwa wa Unguja, mwaka wa pili nilikuwa bado mgeni. Nilitamani sana, na naona haya kusema jinsi nilivyotamani, siku moja na mimi nitumwe sokoni.

Kila Ijumaa baada ya sala ya alfajiri nilimpeleka mama mkwe kwa dada yake, kijijini juu mlimani, mke wangu akikaa mbele kupitisha maneno. Hapo ndipo nilipotaka ajue kuwa mkwe anaye. Na hapo hapo, kona ya tatu tu, injini ilianza kumisi: inakwenda, inakata, inashtuka, kama mtu mwenye kwikwi. Siku nyingine, nikibeba watu wa bandarini mchana, ilikuwa nzima. Nilisugua plagi. Nilifungua kabureta, nikaifunga, nikabakiwa na skrubu moja ambayo mpaka leo sijui kwao wapi. Jumatano gari jipya, Ijumaa kwikwi.

Fundi mwenye akili angejiuliza: Ijumaa kuna nini? Mimi nilijiuliza: Ijumaa kuna nani? Na jibu lilikuwa limekaa kiti cha nyuma, limejifunika shiromani, ile nguo kubwa ya wanawake wa Mutsamudu.

Hasira zangu nilizimaliza kwa Kiswahili. Nyumbani tulisema Kikomori, na mke wangu Kiswahili hakukijua, basi nikanong'ona na usukani kwa raha zangu. "Nuksi imeshapanda," nilikuwa nikisema. "Haya, twende na nuksi yetu."

Ilikuwa miaka ya mapinduzi. Vijana wa kamati za serikali, wengine hata ndevu hawana, walisimama barabarani wakiwataka wanawake wavue mashiromani. Mama mkwe aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawauliza mama zao ni kina nani. Wakampisha.

Ijumaa moja gari lilishindwa kupanda kabisa. Nilisimama, nikaacha injini inaunguruma kwa kwikwi zake, nikafungua boneti. Lilikuwa limelowa umande. Nilipoyagusa maji yale, akili ikanijia, imechelewa miezi sita. Mvouni kulikuwa na jua. Bandarini, jua. Ni Ijumaa tu nilipotoka na ukungu. Si mtu, ni maji! Umeme ulikuwa unavuja mahali. Cheche inayovuja huonekana gizani, lakini kulikuwa kumeshakucha, na usiku ungefika kila kitu kimekauka.

"Laiti ningepata giza kidogo," nikajisemea kwa Kiswahili.

Nikasikia mlango wa nyuma unafunguka. "Mwambie mumeo ageuke."

Niligeuka, nikatazama korongo kwa adabu zote. Mama mkwe akavua shiromani, lile ambalo serikali ilishindwa kumvua, akalitandaza juu ya injini na kuingiza kichwa chini yake. Mke wangu akahamia kwenye usukani, akakanyaga mafuta.

"Mwambie mama, mbali na feni!" nikapiga kelele.

Kisha sauti ikatoka chini ya nguo, kwa Kiswahili cha Unguja, safi kuliko changu.

"Nuksi yako hii hapa, mwanangu. Ya buluu. Inarukaruka kwenye ufa wa hiki kikombe cheusi."

Ijumaa zote zile! Mke wangu alikuwa anacheka juu ya usukani. "Alikaa Unguja miaka saba kabla hajaolewa," akasema. "Hukuuliza."

Kikombe chenyewe ni kofia ya distribyuta, kigawa umeme cha injini, na tangu Wafaransa waondoke kofia mpya ilikuwa ndoto. Mama mkwe, ameshajifunika tena, alifikiri kidogo.

"Mkeo ana rangi ya kucha mkobani, anadhani sijui," akasema. "Namkataza kila siku kwa sababu maji ya udhu hayapenyi. Ipake hapo, yasipenye."

Mke wangu akaacha kucheka, akaitoa. Nilizima injini, nikaukausha ufa kwa upindo wa kanzu, nikaupaka rangi nyekundu, tukaipulizia wote watatu.

Tulipanda bila kwikwi. Nilikuwa na furaha na aibu kwa pamoja, sikujua nianze na ipi. "Mama, unisamehe," nikasema. Tukafika kwa dada yake. Aliteremka, akanyoosha shiromani lake lililonuka petroli, akaja dirishani kwangu, si kwa mke wangu.

"Ukirudi pita sokoni, uninunulie nazi mbili," akasema. "Na Ijumaa ijayo usichelewe. Nuksi yako itakungoja mlangoni."