Udongo mweusi ulivyomwaibisha Selpher

Saa moja asubuhi, kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, karibu na Adams Arcade, Selpher Nanyama anafinya udongo kiganjani. Anafungua mkono, donge linavunjika lenyewe. Anashusha pumzi.

"Ukishikana kama ugali, maji haipiti. Mizizi itaoza," anasema.

Mama huyu wa miaka 47, mzaliwa wa Bungoma, ambaye wateja humwita Mama Valarie, huuza miche ya miti hapa. Leo hatulii. Mbuthia, msimamizi wa bustani katika shule moja ya Westlands, anakuja kukagua miche 400 ya muiri, mti wa kiasili. Mwaka jana alimpa oda kama hiyo. Miche yote ilikufa.

Kisa chenyewe kinatia uchungu, maana kosa lilianzia kwa wateja. Wapita njia hununua kwa macho, na udongo mwekundu wa huku huuona kama umechoka.

"Mtu anasimama, anakuuliza, 'Mathe, hii udongo si ni ya kujenga nyumba?' Anaenda kwa jirani," anakumbuka.

Basi akanunua lori zima la udongo mweusi uliochimbwa kwenye msingi wa jengo. Vifuko vya miche vikapendeza, wateja wakajaa. Mvua iliponyesha, udongo ule ukatuamisha maji. Jua lilipowaka ukapasuka na kukata mizizi.

"Nililia. Pesa inarudi, lakini aibu? Huyo mzee wa shule aliniamini mbele ya wakubwa wake."

Siku hizi huchanganya ndoo mbili za udongo mwekundu wa juu, moja ya mchanga na moja ya samadi iliyooza vizuri. Samadi ikiwa bado na joto, haigusi, itaunguza miche.

Mbuthia anafika saa tatu. Majani hata hayatazami.

"Mama Valarie, habari ya asubuhi. Nipasulie moja."

Selpher anasita. Mche wa miezi minane! Kisha anachukua wembe, anachana kifuko. Mizizi myeupe imetambaa kila upande na kuukumbatia udongo. Mbuthia anaugeuza, anautikisa. Udongo haumwagiki.

"Nachukua zote," anasema. "Na Jumamosi uje mwenyewe, uonyeshe watoto vile wanapanda."

Selpher anamshukuru, kisha anageuka upande. Anapomtazama tena, macho yamelowa.

"Mwaka jana nilikuwa naogopa hata kupita hiyo barabara ya shule," anasema. "Jumamosi nitaingia kwa geti, na watoto watakuwa wananingoja."