Mama wa Kuazimwa na Moshi wa Embe

Asubuhi hiyo niliondoka Matinyani kwa sababu nilikuwa nimefagia ua wa dada yangu mara mbili na bado ilikuwa saa moja. Nilitia leso na sweta ndani ya mfuko, nikamwambia dada, "Nitarudi." Hakuuliza lini. Aliacha kuniuliza tangu nilipotoka darasa la saba kwenda kuona treni inafananaje.

Barabarani nilipata pikapu ya mbuzi. Dereva alisema anaenda Makueni, nami sikuwa na sababu ya kumbishia. Akanishusha Matiliku saa nne kasorobo, baada ya mbuzi mmoja kuanza kula sweta.

Niliketi kwenye jiwe nje ya kinyozi nikiangalia mkono wa sweta uliobaki. Kijana aliyevaa sare za shule akaja akasimama mbele yangu. Alikuwa mrefu, suruali imemwacha juu ya vifundo.

"Mwaitu, habari ya asubuhi," alisema, kama Wakamba wanavyomwita mwanamke yeyote wa umri wa mama yao. "Uko na haraka?"

"Sijawahi kuwa nayo."

"Basi naomba uwe mamangu mpaka saa sita."

Sikushangaa. Mwanafunzi akikosa huambiwa alete mzazi, na wazazi wa kuazimwa wako kila soko. Mimi mwenyewe niliwahi kumwazima muuza makaa. Alijitosa katika kazi hiyo mpaka akanichapa mbele ya mwalimu, viboko ambavyo baba hajawahi kunipa.

"Na mama wa kweli?"

"Alisimama kanisani akaapa: mtoto wangu akishika sigara, siku hiyo namtoa shule achunge ng'ombe. Na nikienda bila mzazi, nafukuzwa mpaka bodi ikae. Niko kidato cha tatu, mwaitu."

"Ulishikwa na sigara?"

"Vepu."

Hizo nilizijua. Vepu ni ile sigara ya kuchaji, ndogo kama kalamu nene, ina rangi za peremende na harufu ya matunda. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika mji ambao sitautaja, nilisimama wiki tatu kwenye meza ya kava za simu. Mwenye meza alizipanga vepu katikati ya chingamu na biro. Wateja wangu wengi walikuwa na sare za shule. Sikuwauliza umri, niliwauliza ladha. Na katika mji huohuo, nilipokuwa nikiuza njugu, askari walinifukuza mara mbili kwa kukosa kibali. Walipofika kwenye meza ya vepu, mmoja alinunua ya embe, akasema asante.

Kwa hiyo niliposimama na kumfuata yule kijana, haikuwa huruma tupu.

Ofisini tulimkuta naibu wa mwalimu mkuu, mwanamume mfupi mwenye uso wa mtu aliyelala vibaya. Mbele yake kulikuwa na trei ya chai, na kwenye trei vepu tatu. Mzee mmoja aliyevaa gambuti alikuwa ameketi tayari, kofia magotini. Binti yake naye alikuwa ameshikwa.

"Mzee," naibu alimwambia, "unajua hii ni nini?"

"Naijua sana. Ni redio ya mtoto."

"Redio?"

"Ile ya masikioni. Mimi ndiye huipeleka sokoni kila Jumamosi kuchajiwa, pamoja na simu yangu."

Naibu alifumba macho. "Mzee, hii ni sigara."

"Sigara ya kuchaji?"

"Ya kuchaji."

"Mwalimu, mimi nina pua. Chumbani kwa yule msichana hakuna moshi, kuna embe. Nikasema Bwana asifiwe, mtoto amejifunza kula matunda."

"Huo ndio moshi wenyewe."

Mzee aliivaa kofia, akaivua. "Kwangu kuna miembe kumi na minane. Maembe yanaoza chini mpaka mbuzi wanayakataa. Halafu mtoto aende dukani anunue moshi wa embe?"

Nilicheka, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilitaka kumsaidia mzee, basi nikaichukua moja kwenye trei. "Hii taa ikiwa nyekundu, imekwisha. Hii ya bluu bado ina siku mbili. Ya mnanaa haitembei sana, wanapenda embe na stroberi."

Yule kijana aliangalia viatu vyake.

"Mama," naibu alisema polepole, "huyu mtoto wako alizaliwa lini?"

"Wakati wa mvua."

"Mvua gani?"

"Ile iliyokosa."

Mzee akapiga goti lake. "Za kukosa ni nyingi huku! Tumezaliwa nazo sote!"

Nikaona hakuna njia ya kupitia. Nikasema mimi si mama wa yule kijana, tumejuana tangu saa nne. Nikasema pia kwamba niliwahi kuuza vitu hivi kwa watoto kama yeye, na sikuficha chochote: jinsi vinavyopangwa chini, usawa wa macho ya mtoto, na jinsi mteja wa wiki ya kwanza alivyorudi wiki ya pili mara tatu, mikono haitulii.

Nilingoja nifukuzwe. Naibu alifungua droo akatoa kitabu cha kanuni za shule.

"Hapa kuna sigara, pombe, bangi, miraa, ugoro, hata gundi. Hii haikuwamo. Nimeiandika kwa biro pembeni. Duka lililo karibu na lango nimeliendea mara tatu. Mwenyewe ananiambia, mwalimu, nionyeshe karatasi inayonikataza. Nikampelekea chifu vepu moja. Aliinusa akaniuliza kama ni dawa ya mbu, kisha akasema anangoja barua kutoka juu." Akakifunga kitabu. "Kwa hiyo mtoto naweza kumfukuza. Duka siwezi kulisogeza hata hatua moja."

Nimeyafikiria maneno hayo sana. Serikali iliyonifuata mimi na karai la njugu ina miguu ya kulifuata jambo hili. Iseme ni umri gani wa kuuziwa, na duka liwe umbali gani kutoka lango la shule. Imtake muuzaji kibali kama ilivyonitaka mimi. Itoe hizo embe na stroberi, maana mtu mzima anayetaka sigara hatafuti ya stroberi. Na iwape watu kama yule naibu karatasi ya kuonyesha.

Naibu alitoa uamuzi wake. "Kesho saa mbili, mama wa kweli. Na wewe uje naye ueleze ulivyoeleza. Akija, kijana anaingia darasani. Asipokuja, bodi."

Tulipita lile duka, nyayo za ng'ombe zikiwa tele mbele yake, tukapanda kilima saa nzima, kijana mbele akipunguza mwendo kila tulipokaribia. Mama yake alikuwa uani akipepeta ndengu. Nilimweleza yote kabla sijapewa maji, kwa sababu nilijua nikinywa nitaogopa.

"Mama wa leo asubuhi ndiye wewe?" aliniuliza.

"Ndiye mimi."

"Na uliwauzia watoto wa watu?"

"Wiki tatu."

Aliweka ungo chini. "Mimi niliapa mbele ya kanisa zima. Kesho anaenda na ng'ombe."

"Ng'ombe wanakunywa wapi?" nilimuuliza.

"Mtoni."

"Njia ya mtoni inapita wapi?"

Kijana ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Mbele ya lile duka la vepu, mama. Kwenda na kurudi."

Mama yake aliushika ungo tena, akichagua mawe kwenye ndengu na kuyatupa kwa nguvu kuliko yalivyostahili. "Basi nikimtoa shule nampeleka dukani."

"Kila siku."

"Jumapili nitasimama tena," alisema mwishowe. "Nitawaambia nilipoapa sikujua kuna sigara ya betri. Mungu anaelewa mambo ya betri." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe usidhani umepona. Choo kinataka shimo jipya." Kisha akanigeukia mimi. "Unalala wapi?"

"Bado sijajua."

"Unalala hapa. Nakuona ni mtu wa kuondoka asubuhi, na kesho asubuhi nakutaka."

Alinipeleka stoo, akasukuma magunia ya ndengu kando kwa nyonga, akatandika godoro sakafuni na blanketi juu yake. Kulikuwa bado na mwanga mlangoni. Akasimama hapo akiuziba.

"Tukitoka kwa mwalimu tunapita dukani, wewe na mimi. Utaanza kusema wewe, kwa sababu unaijua biashara."

"Na akiomba karatasi?"

"Ataniona mimi kwanza," alisema, akaenda kukamua ng'ombe.