Nilipima SUV ya viti saba Lodwar hadi Kakuma, na kiti cha saba nikakipa alama tisa bila kukikalia

Wakuu, nawasalimu kutoka Lodwar, mji ambao saa tatu asubuhi usukani tayari unachoma mikono.

Nimeona humu watu wakiulizana SUV gani ya kifahari ya viti saba inafaa familia. Wengi wanaojibu wamesoma brochure tu. Mimi niliendesha moja siku nzima, familia yangu yote ikiwa ndani. Nitaeleza ilivyokuwa bila kuongeza chumvi, hata pale panaponiaibisha. Na pako.

Brand sitaji. Kuna watu hapa ukigusa gari lao ni kama umewatukania mzazi, na isitoshe kosa ninalosimulia halikuwa la gari.

Kwanza mnijue kidogo. Nafanya kazi ya ununuzi katika ofisi moja hapa mjini. Kila mara niko kwenye kamati ya tathmini: leo jenereta, kesho matangi ya maji, kesho kutwa viti vya ofisi. Kila kitu kina score sheet. Mke wangu Akai huwaambia watu kwamba hata yeye alipita kwa alama mbili tu juu ya mwenzake.

Sababu ya kutafuta gari ni mama yangu.

Mama anakaa Lorugum. Ana presha, na goti lake la kulia halikunjiki vizuri. Kila mwezi anakuja kliniki Lodwar kwa pikipiki, au kwa pickup ya abiria akibahatika. Siku moja alifika kwangu amekalia pikipiki upande, mguu umenyooka, vumbi hadi kwenye kope. Nilisikia vibaya sana. Nikamwambia hapo hapo, mama, nitanunua gari la kukubeba wewe na wajukuu wako wote kwa safari moja.

Alinijibu "ejok", neno letu ambalo ni salamu, ni jibu la salamu, na ni "sawa, yameisha". Mlishike hilo neno.

Sasa kuna jamaa anaitwa Wafula, consultant, mkataba wake ulikuwa umeisha na alikuwa anarudi Nairobi. Alikuwa anauza SUV yake. Nyeusi, viti vya ngozi rangi ya maziwa, paa lote kioo. Niliipenda kabla hata ya kufungua mlango, na mtu wa tathmini akishapenda kitu kabla ya kukipima, hiyo tathmini imeshaharibika. Nilijua hivyo na bado nikaprinti score sheet.

Wafula ni mtu mzuri. Alisema, "Boss, usinunue kwa kuzunguka roundabout. Beba familia, twende mbali."

Mbali tukachagua Kakuma. Dada yangu Nakwawi ni mwalimu huko, na alikuwa na mtoto wa wiki tatu ambaye mama hajamwona. Safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, gari linapimwa na mama anamshika mjukuu.

Kupanga watu ndiko kulikoanzisha shida, ingawa siku hiyo hatukuona shida yoyote.

Tulikuwa saba kamili. Mimi dereva. Wafula mbele kando yangu, kwa sababu ni mgeni na ni mwenye gari. Safu ya kati: Akai, kitinda mimba wetu Ekal kwenye kiti chake cha mtoto kilichofungwa kwa mikanda, na Ewoi, kijana wangu wa miaka kumi na nne, ambaye ukimweka nyuma anatapika kabla hamjatoka mjini. Zikabaki nafasi mbili za safu ya tatu. Binti yangu Nakiru wa miaka tisa, na mama.

Nilisita. Mama mwenyewe ndiye aliyemaliza mjadala. Alisema kwa Kiturkana, na hapa nawatafsiria, "Mimi ni mdogo, huko nitatosha. Msimsumbue mgeni."

Akainama, Akai akamshika kiuno, nikabonyeza kitufe, kiti cha kati kikajikunja chenyewe polepole kwa umeme. Wafula alitabasamu. Mama alipita na lile goti lake, akaketi. Kiti kikarudi mahali pake.

Buti, viti vyote vikiwa vimeinuliwa, ilibeba begi la nguo za mtoto na unga, ikaishia hapo. Dumu la maji la lita kumi halikuingia. Kwetu hakuna kusafiri bila maji, kwa hiyo dumu likawekwa miguuni kwa mama.

Basi, tathmini. Kwa wanaotaka mambo ya gari peke yake, haya hapa.

Nguvu: inatosha na inabaki. Lami ya kwenda Kakuma sasa ni nzuri, ukikanyaga inaondoka bila kelele.

Suspension: tulitoka lami makusudi tukaingia lugga, ule mkondo wa mchanga. Ikajiinua yenyewe na kupita. Hapo nilipiga usukani kofi la furaha.

Matairi: rim kubwa za maonyesho, tairi nyembamba, na spare hakuna, kuna kichupa cha dawa ya kuziba pancha. Miiba ya kwetu itacheka. Nilikata alama nyingi hapo.

Sensor: inapiga kelele kwa kila mbuzi. Kutoka Lodwar hadi Kakuma mbuzi ni wengi.

Utulivu: vioo ni vya tabaka mbili. Lori linapita kando yako unaliona tu, hulisikii. Kumi juu ya kumi.

AC ya mbele: Wafula alivaa sweta.

Katikati ya safari nilifika kwenye mstari wa "safu ya tatu, starehe". Nikaita nikitazama kioo cha dereva, "Mama, huko nyuma uko sawa?"

"Ejok."

Nikamwambia Wafula aandike tisa.

Tulifika Kakuma karibu saa sita. Nakwawi alitoka nje ya boma na mtoto mikononi, na mnajua watu wakiona mtoto mchanga. Akai alishuka akikimbia. Ewoi alimfungua mdogo wake wakafuata. Nakiru aliruka juu ya mgongo wa kiti kama mwanambuzi akatokea mlango wa kati. Mimi nilizima injini nikashuka upande wangu, Wafula wake. Akafungua boneti anionyeshe kitu fulani cha turbo.

Tukafunga boneti. Nikabonyeza ufunguo kwa mazoea, taa zikawaka, vioo vya pembeni vikajikunja. Tukasogea kivulini kando ya ukuta kuendelea na habari za service.

Baada ya muda alarm ikalia.

Niligeuka nikalitazama gari. Vioo vya nyuma ni vyeusi, huoni kitu. Wafula akasema, "Hiyo ni sensor ya ndani. Kali sana hiyo, hata nzi akipita inashika."

Nikabonyeza, ikanyamaza. Nikafunga tena. Nikachukua karatasi nikaandika, alarm, kumi.

Wakuu, niliandika kumi. Hiyo karatasi ninayo mpaka leo.

Akai alidhani mama yuko nasi. Mimi nilidhani yuko na Akai. Aliyeuliza ni Nakwawi. Alikuja pale ukutani na mtoto wake begani akasema, "Sasa mama alikataa kuja? Mimi nilimwandalia kiti."

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka ufunguo ulinianguka mara mbili.

Nilifungua mlango wa kati, hewa iliyotoka ilinipiga usoni kama ya tanuri. Nikabonyeza kile kitufe cha kiti. Injini imezimwa, kiti hakisogei. Wafula akapiga kelele, "Washa kwanza! Washa!" Nikawasha, kiti kikaanza kujikunja kwa ule upole wake wa kifahari, na sisi wawili tumesimama tunakingoja.

Mama alikuwa amekaa wima, mikono mapajani. Alikuwa amefungua dumu, amelowesha shuka lake na kujifunika kichwa. Maji yalikuwa yamemwagika juu ya ngozi ya rangi ya maziwa. Macho yalikuwa wazi lakini alinitazama kama mtu wa mbali.

Tulimtoa tukimbeba. Jirani wa Nakwawi, mama mmoja wa Sudan Kusini anayeuza chai pale, alifika na beseni na sinia la kupepea. Hakutusalimia.

"Nyinyi nje, haboba ndani? Kwa nini?"

Haboba ni nyanya. Aliendelea kumpepea na kumnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, na kila alipoinua macho alinitazama mimi. Daktari msaidizi wa zahanati ya karibu alikuja, akapima presha mara mbili, akasema alale kivulini, anywe, na kwamba tungechelewa kidogo tu zaidi, mambo yangekuwa mengine.

Niliketi chini kando yake. Niliogopa sana wakuu, na nilikuwa na aibu ambayo sina neno lake. Alipopata nguvu nilimuuliza mbona hakuita.

Alisema aligonga kioo mara moja. Aliniona naongea na mgeni, akangoja nimalize.

Wafula naye alichuchumaa akamwomba msamaha. Alikuwa karibu kulia. Mama akampa pole yeye, kisha akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Gari yako mzuri. Iko na mlango mingi. Yangu tu ndio hakuna."

Kisha akaomba aletewe mtoto. Alimshika mpaka alasiri.

Kurudi, mama alikaa mbele. Wafula aliendesha. Mimi niliingia safu ya tatu, na si kwa sababu ya tathmini. Sikuwa na uso wa kukaa mahali pengine.

Sasa niwape ripoti ya kiti cha saba, ya mtu aliyekikalia.

Magoti yanafika kifuani, kwa sababu sakafu iko juu. Kwa mtu mwenye goti lisilokunjika, hiyo ni adhabu. Tundu la AC lipo moja, linapuliza dari. Jua linaingia kutoka paa la kioo linakaa juu ya utosi. Mbele huoni, unaona migongo ya viti. Wa mbele wakiongea unasikia mvumo tu, wakicheka hujui wamecheka nini. Kishikio cha kufungulia hakuna. Ukitaka kutoka, mtu mwingine lazima akukumbuke.

Nakiru alikuwa kando yangu. Akaniambia bila kuulizwa, "Baba, nyanya hakukunywa maji wakati wa kuja. Alisema akikunywa atataka kushuka, na kushuka ni kazi ya watu wengi."

Dumu lilikuwa miguuni pake safari nzima.

Tulipofika nusu ya njia mguu wangu ulikuwa umekufa ganzi na shati limelowa. Akai aligeuka kutoka safu ya kati akauliza, "Huko nyuma mko sawa?"

Na mimi, mtu mzima, nilisikia mdomo wangu ukijibu, "Sawa."

Gari sikununua. Wafula hakunishawishi. Aliondoka nalo, na siku ya kuaga alikuja na kilo mbili za sukari za mama. Nimesikia liliuzwa Nairobi kwa familia yenye watoto wadogo tu, na nadhani litawafaa. Si gari baya. Wenye watoto wepesi kama Nakiru, na spare halisi juu ya paa, nendeni mkaliangalie.

Bado natafuta. Score sheet yangu mpya inaanzia nyuma kuja mbele, na mistari mitatu ya kwanza naijaza nikiwa nimekaa huko, injini imezimwa, mlango umefungwa.

Mama naye amerudia pickup ya Lorugum. Dereva humweka mbele, na wakifika Lodwar huzunguka akamfungulia mlango kwa mkono wake. Mwezi uliopita nilisimama stendi nikamwona akifanya hivyo. Hajawahi kuandika alama yoyote, yule.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anayekaa kiti kibaya mara nyingi ndiye asiyelalamika, na ndiyo maana amekaa hapo. Ukimuuliza kutoka mbele atakujibu sawa.

Haya, wenye seven-seater mliomo humu. Mawazo ya matairi na suspension nitayasoma pia, lakini jibuni hili kwanza: kwako kiti cha saba hukaa nani? Na wewe umewahi kukikalia?