Mguu wa Mwalimu wa Udereva

Shemeji yangu akitazama filamu sebuleni, gari likakata kona kwa kasi kwenye televisheni, mguu wake wa kulia hukanyaga sakafu. Mwenyewe hana habari. Zulia mbele ya kiti chake limetoboka, na dada yangu amechoka kulishona. Ndivyo anavyokuwa mtu aliyefundisha udereva tangu ujana, akikaa upande wa abiria kwenye gari lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya kwake.

Namjua vizuri, maana nilikuja kwao kukaa wiki mbili nikaota mizizi. Mji mzima unamwita Mwalimu, hata mke wake. Usemi wake ni mmoja, mwenda pole hajikwai, na ameuandika kwa rangi nyekundu nyuma ya gari. Kazi yake ilikuwa uwanja wa mpira, wanafunzi wakizunguka mapipa, kisha barabara ya sokoni mpaka kituo cha mafuta, na kurudi. Kisiwa chetu ni duara, volkano imekaa katikati, barabara inaizunguka. Yeye aliyezaliwa hapa hapa alikuwa hajauona upande wa pili wa mlima. Dada naye hajauona, wala mimi, ila mimi sijawahi kujiita mwalimu wa barabara.

Safari ya kukizunguka kisiwa aliileta dada. Tukimaliza kula alipindua bakuli katikati ya sinia, huo ndio mlima, akapanga punje za maharage ukingoni. Hapa tunalala garini, kwenye mchanga mweusi. Hapa tunavuka mto usio na daraja. Hapa tunapanda kwa miguu kuchungulia ziwa lililo ndani ya mdomo wa volkano. Na hapa lava ilikata barabara zamani, sasa wameichonga upya kwa changarawe, mteremko wake wanasema ni balaa.

"Hapo kwenye ziwa pazuri," Mwalimu alisema, akaokota haragwe la ziwa akalitia mdomoni.

Tulicheka. Lakini kila dada alipotaja siku, alikuwa na neno. Mvua ziishe kwanza. Mvua zikaisha, zikaja tairi. Tairi zikanunuliwa, wanafunzi wakawa na mtihani. Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, shemeji. Akanijibu kwa usemi wake, nikatamani kumrushia bakuli, mlima na yote.

Halafu yakaja macho. Daktari alisema ni presha ya macho, kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa za matone zitapunguza mwendo wa ugonjwa tu. Akamkataza usukani. Mwalimu alirudi nyumbani akasema pembeni ndiko kumepungua kidogo, mbele anaona kama kawaida. Usiku ule dada hakupindua bakuli. Alisema tu, "Nataka ukione kisiwa chako ukiwa na macho. Nitajifunza kuendesha mimi."

Akajifunza. Na nani mwingine wa kumfundisha? Leseni aliipata, lakini kutoka mjini hakuweza, kwa sababu ya ule mguu. Nilikuwa nyuma, nimeona kwa macho yangu. Kengele ya baiskeli ikilia, Mwalimu anakanyaga. Mtu akimwita mwenzake kando ya barabara, anakanyaga. Gari linakita pua chini, mimi nakipiga kiti cha mbele kwa paji la uso, nyuma yetu honi na matusi. Mara mbili tulifunga mizigo tukaishia kituo cha mafuta. Nikashauri pedali ing'olewe.

"Siku mtakayoing'oa," Mwalimu alisema, "ning'oeni na mimi."

Mara ya pili dada alizima gari pale pale kituoni, akalaza kichwa kwenye usukani.

"Nimechoka, Mwalimu. Nimefungiwa kisiwani, kisiwani nimefungiwa mjini, mjini nimefungiwa kwenye hili gari. Na humu ndani pia kuna mguu wako."

Mhudumu wa pampu alijifanya anafuta kioo kilichokuwa safi. Mimi nilimchukia shemeji yangu siku ile, nasema kweli. Nilimwona mtu anayemfunga mwenzake kamba huku akimwambia anamtunza.

Mara ya tatu dada hakuaga mtu. Aliniambia pakia magodoro, akamshika mumewe mkono akamwingiza garini, akawasha. Ilikuwa alfajiri, barabara haina watu wala kengele, na mguu ukatulia. Tulipita kituo cha mafuta. Tulipita mashamba ambayo sikujua ni ya nani. Dada alianza kuimba chini kwa chini, na mimi, mwenye mdomo usiofungwa, nilinyamaza nisije nikaiharibu bahati.

Tukafika juu ya mteremko wa lava. Dada akasimama, akavuta hendibreki. Kushoto ukuta wa mawe meusi, kulia hakuna kitu ila hewa, katikati changarawe.

"Mwalimu, ukikanyaga hapa ghafla tutateleza mpaka chini. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Mwalimu aliondoa mguu kwenye pedali. Kisha akavua viatu, akakunja miguu yake mirefu juu ya kiti kama mtu aliyeketi mkekani, akashika kishikio cha juu ya mlango kwa mikono miwili.

"Gia ya kwanza," akasema. "Nenda."

Tukashuka. Mawe yalipiga chini ya gari, dada anauma mdomo, mimi nimefumba macho nikiahidi mambo nisiyoweza kuyatimiza. Mwalimu alikuwa analowa jasho, vidole vya miguu vinajikunja hewani, lakini hakuishusha. Kona ya mwisho ikapita, gari likanyooka, na nilipofumbua macho bahari ilikuwa imejaa upande wote wa kulia, ya buluu, mawimbi yanapasuka juu ya mchanga mweusi kama masizi. Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba ni vile.

Mwalimu aliachia kishikio. Akageukia dirisha lake, kushoto, kwenye ukuta wa mawe ulio karibu kuguswa kwa mkono. Akatabasamu.

"Kumbe bahari ya huku ni kubwa hivi," akasema. "Mke wangu, ahsante. Nimeiona."

Dada alinitazama kwenye kioo. Kisha gari likasimama, taratibu, bila kutikisika, na safari hii breki ilikuwa yake.

"Mume wangu," akasema, "hayo ni mawe."

Tabasamu lilibaki usoni mwake kwa muda, halina pa kwenda.

"Tangu lini?" dada akauliza.

"Mbele kulianza kufungwa ulipopata leseni." Alishusha miguu, akaanza kupapasa viatu. "Nilikuwa nakanyaga kwa masikio. Nilijua nikisema, utaniacha nyumbani."

Nikamsogezea kiatu.

"Turudi," nikasema mwishowe.

Dada aligeuka akautazama mteremko tulioushuka. Kigari chetu kisingeupanda, hata mimi niliyeshindwa somo la kwanza la udereva nililiona hilo. Nyumbani tungefika kwa njia moja tu, kukizunguka kisiwa chote, mto, ziwa na mchanga, kama alivyopanga.

"Maji tumeshayavulia nguo," akasema. Akajifuta uso kwa kiganja, akashika kidevu cha mumewe, akakigeuza polepole kuelekea kulia.

"Iko huku," akamwambia, akaingiza gia.