Kifurushi cha Nywele Jalalani

Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, nikatunukiwa cheti, na tangu siku hiyo nikawa ninazicheka hofu za majirani. Jumatatu iliyofuata Pasaka ya mwaka 1977, trekta la taka lilipopita mtaani kwetu Shinyanga, mimi, mwenyekiti wa usafi, niliamua kuwa mfano. Nilikuwa nimenyolewa kumaliza msiba wa mume wangu; nikazifunga nywele hizo gazetini, nikazitupa kwenye tela. Mama Nkwabi alikuwa ameficha nywele za kwanza za mjukuu wake, nazo zimefungwa gazetini, akihofia wachawi. Nikamnyang'anya, nikazitupa pia, nikacheka mbele ya wote.

Jioni ile kichwa kilianza kuniuma, kisha nikahisi mtu ananichana nywele nisizokuwa nazo. Alfajiri ya Jumatano nilijitanda kanga, nikaenda jalalani kwa siri.

Moshi wa taka ulitambaa chini ingawa hapakuwa na upepo. Nilipapasa hadi nikagusa gazeti lililofungwa. Nilipolivuta, likavutwa kutoka upande wa pili, na vidole baridi vikanishika mkono.

"Niachie nywele zangu!" nilipiga yowe. "Unaniloga kwa kosa gani?"

Moshi ukapasuka. Nusu ya akina mama wa mtaa wetu walikuwa wamechutama pale, wakipekua taka kimyakimya.

"Shikamoo, mwenyekiti," alisema Mama Nkwabi, bila kuliachia gazeti. "Hizi ni za mjukuu wangu; wenzangu wamenisaidia kuzitafuta. Zako umezikanyaga hapo. Tumezitambua kwa mvi."