Kura Iliyotetemeka

Mama alifika kituoni asubuhi mapema, amevaa gauni la kitenge analolitunza kwa ajili ya kanisani, na akakataa kusaidiwa.

Msimamizi wa kituo nilikuwa mie. Nafundisha shule ya msingi, na mwaka ule walimu kadhaa tulichukuliwa kusimamia uchaguzi wa serikali za mitaa. Nikapangiwa darasa la tatu la shule yetu wenyewe, hapahapa Goba, kwenye mtaa ninaoishi. Kwenye semina ya wasimamizi nilipouliza kama hilo ni sawa, mkufunzi alinijibu kwamba kila mtu anaishi mahali fulani, niende nikafanye kazi.

Mama alikuwa amehamia kwangu kutoka Songea miaka mitatu kabla, mikono ilipoanza kumtetemeka. Chai tunamtilia nusu kikombe. Mtu wa hali yake aliruhusiwa kuingia na anayemwamini ili amwekee alama, na mie nikamwambia hivyo kwa sauti ya kazi, kama nilivyowaambia wengine.

"Nani aje aone ninayemchagua?" akasema. "Nitapiga mwenyewe."

Alikaa nyuma ya kile kizuizi cha boksi mpaka foleni ikaanza kuguna. Alipotoka alitumbukiza karatasi yake, akanitazama kama mtoto aliyemaliza mtihani, akaenda zake.

Wagombea wa uenyekiti walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mwenyekiti aliyekuwa madarakani, mzee wa maneno laini, ambaye hakuna msiba wa mtaani aliowahi kuukosa. Wa pili alikuwa jirani yangu, fundi cherehani, mwanamke mwenzangu. Tumetenganishwa na ukuta tu. Mvua zilipoikata barabara yetu ya mteremko na watoto wakawa wanavuka korongo kwa kushikana mikono, ni yeye aliyetukusanya wanawake tukajaza viroba mchanga. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili, alimchukua yule wa kwanza akakaa naye siku nne, bila mie kumwomba. Kampeni zilipoanza alinisimamisha getini akasema, "Mwalimu, mpaka hili jambo liishe tusalimiane kwa mbali. Wasije wakakusema." Tukafanya hivyo.

Saa kumi jioni nilifunga mlango wa kituo. Ndani tulibaki watu wanne: mie, karani wangu, na mawakala wawili. Wakala wa mwenyekiti alikuwa baba mtu mzima, mstaafu, mwenye daftari la mistari. Wakala wa jirani yangu alikuwa dada msusi mwenye saluni karibu na kituo cha bodaboda. Nje watu hawakuondoka. Walijaa madirishani, na kila niliposoma jina kwenye karatasi, sauti ilipanda upande mmoja au mwingine. Askari mgambo alikuwa peke yake, na fimbo yake aliishika kama mwavuli.

Mafungu mawili ya kura yalikwenda yakilingana. Zilipobaki karatasi chache mezani hata madirishani walinyamaza. Nikafungua ya mwisho.

Alama ya vema ilikuwa imeanzia ndani ya kiboksi cha jirani yangu. Ilishuka, ikapanda, na ilipopanda ikayumba mawimbimawimbi, ikavuka mstari na kuishia ndani ya kiboksi cha mwenyekiti. Kalamu ilikuwa imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka kidogo.

Niliijua palepale. Mkono ule unaniandikia kila wiki karatasi ya vitu vya sokoni: nyanya, dagaa, vitunguu, herufi zote zikitembea kwa mawimbi hayohayo. Nilikuwa nimeshika kura ya mama yangu.

Mawakala walikuwa wameshainama juu ya meza.

"Hiyo imeharibika," akasema mzee wa daftari. "Imegusa kotekote."

"Imegusa wapi, baba yangu?" Dada msusi alipandisha sauti. "Si unaona ilikoanzia? Huyu mtu kachagua, mkono ndio umemteleza. Mwalimu, usituletee hizo ishu."

Karani alihesabu tena mafungu, mara mbili. Mwenyekiti alikuwa mbele kwa kura moja. Hii ikikubaliwa, wamelingana, na uchaguzi unarudiwa. Ikikataliwa, umeisha.

Nikampigia simu msimamizi msaidizi, bosi wetu wa siku ile. Nyuma yake nilisikia kelele kubwa kuliko za kwangu. "Mwalimu, mwongozo unao," akasema. "Soma, amua, weka sahihi." Akakata.

Nikasoma. Mwongozo ulisema kura yenye alama kwa wagombea wawili isihesabiwe. Ila kwenye semina tulifundishwa pia kwamba nia ya mpiga kura ikionekana wazi, iheshimiwe. Mkufunzi alituchorea mifano ubaoni, na mmoja ulifanana kabisa na huu. Ule tuliukubali darasa zima, na mie nilikuwa miongoni mwa walionyoosha mkono.

Dirishani mtu akapiga kelele, "Huyo mwalimu ni shoga yake! Wanachoteana maji!" Mwingine akagonga bati la dirisha kwa ngumi, na wengine wakamfuata, mpaka ukuta ukawa kama unatikisika. Mgambo alisema kitu, hakuna aliyemsikia.

Nilichofikiri wakati ule nitakisema kama kilivyokuwa. Sikufikiria mwongozo. Niliwaza kwamba nikiikubali, na kesho ikajulikana ni ya mama, nitaambiwa nilimwokoa rafiki yangu kwa kura ya mzazi wangu. Kama karatasi ile ingekuwa ya mtu nisiyemjua, ningeikubali.

"Imeharibika," nikasema.

Mzee akaandika kwenye daftari lake. Dada msusi alinitazama bila kupepesa, akakataa kuweka sahihi, akatoka. Nje ikalipuka shangwe na matusi kwa pamoja. Mgambo na karani walinisindikiza mpaka barabarani. Jirani yangu alikuwa amesimama ng'ambo na wanawake wa viroba vya mchanga. Hakunitukana. Aligeuka tu, akanipa mgongo.

Nyumbani mama alikuwa anachambua mchele, sinia ikimlialia mapajani kwa mtetemo wa mikono.

"Jirani alipita?" akauliza.

"Mwenyekiti ni yuleyule, mama."

"Kwa nyingi?"

"Kwa moja."

Akaendelea kuchambua.

Habari haikukaa siku mbili. Gengeni wanawake walikuwa wanasimuliana kuhusu kura iliyotambaa kama sisimizi kutoka kiboksi kimoja hadi kingine, na mama alikuwa pale ananunua mchicha. Niliporudi kutoka shuleni nilimkuta amekaa mlangoni, mfuko wa mchicha bado mkononi.

"Ile kura ilikuwa yangu?"

"Mama, kura ni siri. Siruhusiwi..."

"Mie nakuuliza mwanangu, simuulizi msimamizi."

"Ilikuwa yako."

"Ulijua ni yangu ulipokuwa umeishika?"

"Nilijua."

Alitikisa kichwa muda mrefu. "Nilijitahidi sana pale ndani," akasema. "Nilishika mkono huu kwa huu. Na wewe ukanifuta."

Niliupokea ule mfuko, nikaingia ndani nikalia jikoni.

Kesho yake mama alikwenda kwa jirani, peke yake. Hakunieleza walichozungumza. Jioni jirani alinigongea. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia kwangu tangu kampeni, na hakukaa.

"Mama kaniambia," akasema. "Watu wangu wanataka niende mahakamani. Nikienda, utasema ukweli?"

"Nitasema."

"Hata kwamba ulijua ni ya nani?"

"Hata hilo. Na kwamba ingekuwa ya mwingine ningeikubali."

Alinikazia macho. Nilishaiona kazi yangu ikiondoka, nikajiona nimesimama mbele ya hakimu.

"Nilidhani waliku-pressure," akasema mwishowe. "Kumbe uliogopa tu."

"Niliogopa."

"Hiyo ni mbaya zaidi, mwalimu."

Akaondoka. Siku za kukata rufaa zikapita, hakwenda. Dada msusi ndiye aliyeniambia sababu, siku nilipopata ujasiri wa kukaa kwenye kiti chake kusukwa. Jirani alikuwa amewaambia hawezi kumsimamisha bibi wa watu mahakamani, aambiwe aandike mbele ya watu ili waone anavyotetemeka.

Mie na jirani tunasalimiana. Tunapeana chumvi, na mafundi wa maji tunaita pamoja. Lakini mambo yake ya ndani hanielezi tena, na mie siulizi. Mama ndiye anayekwenda kwake kila alasiri, anakaa karibu na cherehani, anamtolea nyuzi kwenye mishono iliyokosewa. Hiyo kazi, anasema, haihitaji mkono uliotulia sana. Mara nyingine nawasikia kutoka uani wakicheka, na huwa nasimama kidogo kusikiliza kabla sijaendelea kufua.